Diploma ya ekonomi peke yake haikufungulii mulango wa Benki Kuu



Kila promosheni inapomaliza chuo, swali ni lile lile: "Mukubwa, niko na lisanse ya ekonomi. Nifanye namna gani niingie Banque Centrale?" Swali ni zuri, lakini kuna lingine linatangulia: Benki Kuu inafanya kazi gani?

Wengi wetu tunafikiri ni benki kama zingine, ila kubwa. Hapana. Mama wa sokoni hawezi kufungua konti pale, wala kuomba mukopo. Benki Kuu ya Kongo (BCC) njo inatoa franka, inapigana na kupanda kwa bei, na inachunga akiba ya pesa za kigeni. Tena inasimamia benki za biashara, mikrofinansi na makampuni ya pesa za simu. Katiba, artikle 176, inaipa uhuru katika kazi hiyo.

Sasa angalia: kila kazi iko na masomo yake. Kufuata bei na kukadiria uchumi kunaomba ekonomi, hesabu na statistiki. Kukagua benki kunaomba mutu wa kontabilite na odit. Kuandika masharti na kufuata kesi ni kazi ya mwanasheria. Malipo na usalama wa data vinaomba mutu wa informatiki. Kwa hiyo usiandike "niko tayari kwa kazi yoyote". Anayesoma barua yako ataelewa kwamba haujui unatafuta nini.

Kuhusu kiwango: masharti ya kila nafasi yanaandikwa kwenye tangazo lenyewe. Lakini tusidanganyane. Lisanse ya mufumo wa zamani ni miaka 5. Ile ya LMD ni miaka 3. Kwa kazi ya uchambuzi, wewe wa LMD fikiria master mapema, kwa sababu utashindana na watu wa miaka 5.

Mufano moja wa kujipima. Agosti 2023, BCC ilipandisha riba yake kuu kutoka 11% mpaka 25%. Je, unaweza kueleza kwa dakika tano, kwa Kifaransa safi, kwa nini ilifanya vile? Na kwa nini dawa hiyo inakuwa na nguvu kidogo katika inchi ambamo akiba na mikopo mingi ya benki iko katika dola? Kama hauwezi, diploma yako bado haijakomaa. Anza kusoma ripoti za BCC kwenye tovuti yake, ni bure. Jifunze Excel vizuri, na Kiingereza pia.

Njia nayo haiko moja. Malangu Kabedi-Mbuyi, mwanamuke wa kwanza kuwa Gavana wa BCC, mwaka 2021, alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika FMI. Kwa hiyo staje katika mikrofinansi ya Lubumbashi ao Bukavu si kupoteza wakati. Pale njo utajifunza namna mukopo unavyokufa, jambo ambalo mukaguzi anapaswa kulijua.

Neno la mwisho, na ni zito. Mutu akikuambia "toa dola 100, dosie yako ipite", kimbia. Kazi ya kweli hailipishwi. Hakikisha tangazo kwenye tovuti ya BCC yenyewe kabla ya kutuma hata kopi ya diploma. Ndiyo, tunajua, kuna wenye kuingia kwa sababu wako na mutu kule juu. Lakini usiwape sababu nyepesi ya kukuacha inje. Siku konkuru inafunguliwa, ikukute umeshajitayarisha.

Wewe, kati ya kazi zile nne, unajiona wapi? Tuandikie hapa chini.