Dirisha la Mipangilio Linapokawia Kufunguka

Kwenye kompyuta ya zamani ya nyumbani inayotumia Windows 10, dirisha la mipangilio mara nyingi ndilo la kwanza kuonyesha kwamba kuna tatizo. Mtumiaji anabofya alama ya gurudumu lenye meno, dirisha linatokea likiwa tupu, na alama ileile inabaki katikati kwa nusu dakika au zaidi kabla orodha haijajitokeza. Wakati huohuo programu ya kuandikia inafanya kazi kama kawaida. Wengi humwita fundi apige Windows upya, na mafundi wengi hukubali bila kuuliza mengi. Kazi hiyo hufuta programu zote, wakati mwingine na picha za familia pia, na mara nyingi haikuhitajika. Dirisha linalokawia huwa linasubiri jibu kutoka mahali fulani, na mahali hapo panaweza kujulikana bila kununua kifaa chochote.

Paneli ya udhibiti imekuwemo ndani ya Windows tangu toleo la kwanza la mwaka 1985. Kwa miaka mingi ilikuwa mkusanyiko wa vidirisha vyepesi: cha kipanya, cha saa, cha mtandao. Windows 8 ya mwaka 2012 ilileta mipangilio iliyotengenezwa kwa namna nyingine, na Windows 10, iliyotoka Julai 2015, ikaipanua hadi ikachukua sehemu kubwa ya kazi za paneli ile. Mipangilio hii mipya ni programu kamili. Inapofunguliwa hupakia kwanza vipande vyake vya kuchorea dirisha, kisha kila ukurasa huuliza hali ya sasa kwa huduma zinazofanya kazi chinichini: ya mtandao, ya Bluetooth, ya sauti, ya masasisho. Huduma isipojibu, ukurasa unangoja. Zaidi ya hayo, programu hii ikifungwa haiondoki papo hapo. Husimamishwa na kuachwa kwenye RAM ili ikiitwa tena ije haraka. Kompyuta yenye RAM ya GB 2 au 4, tena yenye kivinjari kilichofungua kurasa nyingi, haina nafasi ya kuitunza, hivyo kila mara inaanza upya.

Hatua ya kwanza ni kuwasha kompyuta upya, na hapa wengi hukosea bila kujua. Tangu Windows 8, kuzima kwa kawaida si kuzima kabisa. Kwenye mashine nyingi kiini cha mfumo huhifadhiwa kwenye diski na kurudishwa kilivyokuwa, ili kompyuta iwake haraka. Hitilafu iliyokuwepo jana inaweza kurudi nayo leo, hata kama mashine ililala imezimwa usiku kucha. Kinachoanzisha mfumo upya kweli ni kitufe cha Restart. Mashine ikishawaka iachwe dakika chache itulie, kisha dirisha lifunguliwe huku saa ya simu ikihesabu sekunde. Lifungwe, lifunguliwe tena mara moja, na sekunde zihesabiwe upya.

Tofauti ya vipimo hivyo viwili inaeleza mengi. Mara ya kwanza ikichelewa na ya pili ikawa ya haraka, kinacholemea ni diski, kwa kuwa mara ya pili vitu vyote vilikuwa tayari kwenye RAM. Zote mbili zikichelewa sawasawa, diski si mshukiwa mkuu. Kuna huduma au kifaa kisichojibu. Ukurasa mmoja tu ukichelewa na nyingine zikafunguka vizuri, tatizo liko kwenye kile ambacho ukurasa huo unakihudumia.

Diski ndiyo chanzo cha kawaida kuliko vyote, na inastahili kueleweka vizuri. Laptopu nyingi zilizouzwa mwanzoni mwa miaka ya 2010, zikiwemo nyingi zilizoingia Afrika Mashariki zikiwa zimeshatumika kwingine, zina diski inayozunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kwa sekunde. Ili kusoma faili dogo, kichwa cha kusomea husogea hadi kwenye mstari unaohusika, kisha hungoja sehemu inayotakiwa ipite chini yake. Kungoja huko huchukua wastani wa milisekunde 5 hadi 6, na kusogea kwa kichwa huchukua milisekunde kumi na kitu. Kwa hesabu hiyo diski huweza kujibu maombi madogo yapatayo 60 tu kwa sekunde. Dirisha la mipangilio huomba vipande vingi vidogo vilivyotawanyika huku na huko. Diski hiyohiyo hucheza filamu bila kukatika, kwa kuwa filamu husomwa mfululizo, na ndiyo maana watu hawaishuku.

Hali hiyo inaonekana kwa macho. Vitufe vya Ctrl, Shift na Esc vikibonyezwa pamoja, hufunguka jedwali la programu zinazoendelea. Safu ya diski ikionyesha asilimia 100 ilhali kasi ya kusoma ni MB 1 au 2 tu kwa sekunde, diski imezidiwa na maombi madogo. Kubofya kichwa cha safu hiyo hupanga programu kuanzia ile inayotumia diski zaidi, na mara nyingi juu huwa masasisho ya Windows, ukaguzi wa virusi, au kazi ya kuorodhesha mafaili kwa ajili ya utafutaji. Kazi hizi ni halali na zina mwisho. Lakini kompyuta inayowashwa saa moja tu jioni haizipi muda wa kumalizika, hivyo kila jioni zinaendelea huku mwenye kompyuta akiwa kwenye kiti. Kuiacha mashine ikiwaka usiku mmoja, ikiwa na intaneti na bila kulala, ni dawa isiyogharimu chochote zaidi ya umeme, na husaidia kuliko watu wanavyodhani.

Kuna pia diski inayoelekea kufa. Ikikutana na sehemu iliyoharibika hujaribu kuisoma tena na tena, na kwa sekunde kadhaa dirisha lote huganda. Ushahidi huachwa kwenye daftari la matukio, linalofunguliwa kwa kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, kisha kuandika eventvwr.msc. Kwenye kumbukumbu za mfumo, tukio namba 7 lenye chanzo kilichoandikwa disk humaanisha sehemu mbovu imekutwa, na namba 153 humaanisha ombi limebidi lirudiwe. Namba hizi zikijirudia, ukarabati wa aina yoyote usubiri kwanza. Picha, hati na barua zihamishiwe kwenye flashi au diski ya nje siku hiyohiyo, kwa sababu hata amri ya chkdsk, inayokusudiwa kurekebisha, huilazimisha diski dhaifu kufanya kazi nzito. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS, mahali ambapo umeme hukatika ghafla, ichunguzwe diski mapema zaidi, kwa kuwa kukatika huko huweza kuiharibu.

Ukurasa mmoja ukichelewa peke yake, wa vifaa na printa ndio mfano mzuri. Kwenye paneli ya zamani, dirisha la printa linapokwama huonyesha mstari wa kijani ukitambaa polepole kwenye upau wa juu, ukikaribia mwisho bila kufika. Wakati huo mfumo unatafuta kila kifaa ulichowahi kukijua. Printa ya mtandao iliyouzwa zamani lakini haijafutwa kwenye orodha bado huitwa, na mfumo hungoja hadi muda wa kungoja uishe. Huduma ya Bluetooth iliyozimwa na mtu aliyetaka kuongeza kasi huleta kukwama kwa namna hiyohiyo. Ikiwashwa tena kwa kupitia services.msc, mara nyingi dirisha hufunguka papo hapo. Folda za mtandao zinazoelekea kompyuta ambayo haipo tena huchelewesha vivyo hivyo dirisha la mafaili. Orodha ya programu zilizosakinishwa ni jambo tofauti: huchelewa kwa sababu ni ndefu na ukubwa wa kila programu lazima ujulikane, na tiba yake ni kuondoa zisizotumika.

Programu ya mipangilio yenyewe ikiwa na hitilafu, kipimo ni kuilinganisha na vidirisha vya zamani, ambavyo bado vimo. Katika kisanduku kilekile cha Windows na R, ncpa.cpl hufungua mtandao, appwiz.cpl programu, timedate.cpl saa na main.cpl kipanya. Vikifunguka mara moja ilhali ukurasa mpya unakwama, mtandao na saa havina kosa. Jaribio linalofuata ni kuunda akaunti nyingine kwa netplwiz na kuingia nayo. Mipangilio ikienda vizuri humo, ubovu uko kwenye akaunti ya kwanza. Ikichelewa humo pia, mafaili ya mfumo yakaguliwe kwenye dirisha la amri lililofunguliwa kwa ruhusa ya msimamizi: kwanza DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, ambayo kwa kawaida huhitaji intaneti, kisha sfc /scannow. Kwenye diski ya kuzunguka amri hizi huchukua muda mrefu, na hesabu inaweza kuonekana imesimama. Zisikatizwe.

Yanayobaki huchunguzwa haraka. Programu mbili za kuzuia virusi hazipaswi kukaa pamoja. Dereva la kadi ya picha likikosekana, kila dirisha huchorwa kwa shida. Feni iliyoziba vumbi hufanya kichakataji kijipunguzie kasi ili kisiungue.

Vipimo vikionyesha kwamba diski ni nzima lakini haiwezi kasi, fedha ina mahali pa kwenda. SSD, yaani diski isiyozunguka, ya SATA ya inchi 2.5 huingia kwenye nafasi ya diski ya zamani kwa laptopu nyingi za kipindi hicho, na hujibu ombi dogo kwa takriban sehemu ya kumi ya milisekunde. Mfumo wote unaweza kunakiliwa bila kupiga Windows upya, mradi diski ya zamani bado inasomeka. RAM iongezwe hadi GB 8 pale ambapo jedwali linaonyesha imejaa. Kabla ya gharama hizo mwenye kompyuta azingatie kwamba Microsoft ilimaliza usaidizi wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kwamba Windows 11 hudai chipu ya usalama ya TPM 2.0 pamoja na kichakataji ambacho, kwa upande wa Intel, kwa kawaida ni cha kizazi cha nane au kipya zaidi. Mashine isiyofikia hapo inaweza kuhamishiwa Linux, na SSD hiyohiyo itaendelea kutumika humo.