Daftari la Damu

Ndugu Wanachama,

Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza habari za miche, majamvi na bei ya karafuu. Leo tunaomba ruhusa yenu tuzungumze habari za mwenye shamba mwenyewe, kwani mtu asipokuwa na siha, shamba lake huwa pori. Maradhi tunayotaka kuyaeleza ni shinikizo la damu, ambalo sote twaliita presha.

Wazee wamesema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kila mwanachama aifahamu maana yake, kwani asiyeandika pishi za wachumaji wake, mwisho wa msimu hubaki kubishana nao. Presha nayo ni hivyo hivyo.

Moyo husukuma damu mishipani, na nguvu ya damu hiyo juu ya kuta za mishipa ndiyo presha. Huandikwa kwa hesabu mbili: ya juu ni wakati moyo unaposukuma, ya chini ni wakati unapopumzika. Mtu akipimwa hospitali siku mbalimbali akaonekana ana 140 juu au 90 chini, au zaidi ya hapo, huambiwa kuwa ana presha. Nyumbani, ambako mtu ametulia, mpaka ni 135 kwa 85. Presha ikiachwa miaka mingi huchosha moyo, huharibu figo na macho, na huziba au hupasua mishipa ya ubongo, mtu akapatwa na kiharusi.

Ubaya wa maradhi haya ni kwamba aghalabu hayaumi. Wengi hungoja kichwa kiume ndipo wapime. Lakini kichwa huweza kuuma bila presha, na presha huweza kuwa juu sana na mtu analima na kucheka kama kawaida. Katika miaka ya 1996 na 1997 walipimwa watu wazima wa Ilala, Dar es Salaam, na wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro. Kiasi cha 30 katika kila 100 walikuwa na presha, na wa shamba hawakuwa na nafuu kuliko wa mjini. Katika kila 100 wenye maradhi hayo, waliojijua hawakutimia 20, waliokuwa wakitumia dawa ni kama 10, na ambao presha yao ilikuwa imeshuka chini ya 140 kwa 90 hawakufika hata mmoja. Tena katika uchunguzi wa Tanzania Bara wa mwaka 2012, kiasi cha robo ya watu wa umri wa miaka 25 hadi 64 walionekana na presha. Basi asiseme mtu kuwa haya ni maradhi ya matajiri wa mjini.

Sisi tulipata funzo juu ya jambo hili tulipokwenda kuwatazama jamaa zetu Vugiri, katika milima ya Usambara, wilaya ya Korogwe. Huko ni nchi ya baridi na chai, na njia zake ni za kupanda na kushuka. Tulikuta majirani wa nyumba chache wamechanga fedha wakanunua mashine moja ya kupimia presha, ya betri, nayo hukaa kwa bibi mmoja mtu mzima. Mjukuu wake wa skuli ndiye mwandishi. Bibi alitufunulia daftari lake. Wiki nyingi hesabu zilikuwa 128 kwa 80, 130 kwa 82, na kila siku pana alama ya kidonge. Kisha alama zikakoma. Baada ya wiki kadhaa hesabu zikawa 158 kwa 96, halafu 166 kwa 98.

Tukamwuliza, "Bibi, hapa palikuwa na nini?"

Akajibu, "Mwanangu, niliona nimepona, nikaacha dawa. Wala sikuumwa na kitu. Daftari ndilo lililonisuta."

Alirudi kwa daktari, akaanza tena vidonge vyake, na ukurasa uliofuata ulionyesha hesabu zinashuka. Hilo ndilo tunalotaka kila mwanachama alishike: presha ikishuka kwa dawa haina maana kwamba umepona, maana yake ni kwamba dawa inafanya kazi.

Ama namna ya kupima, ni hivi:

1. Tumia mashine ya kufunga juu ya kiwiko, na mkanda wake ukuenee vizuri. Mkanda mdogo kwa mkono mnene hutoa hesabu ya uongo.

2. Nusu saa kabla ya kupima usinywe kahawa wala chai, usivute tumbaku, wala usifanye kazi nzito. Nenda msalani kwanza.

3. Kaa kitini dakika tano, mgongo umeegemea, nyayo chini, miguu usiipandanishe. Mkono uwe wazi, juu ya meza, sawa na moyo. Usizungumze.

4. Pima mara mbili, dakika moja baina yake, asubuhi kabla ya dawa, na jioni. Fanya hivyo siku saba kabla ya kwenda kwa daktari. Andika kila hesabu, hata ile isiyokupendeza, na umpelekee daftari lako.

Ikiwa hesabu ni 180 juu au 120 chini, au zaidi, tulia dakika tano upime tena. Ikibaki hapo, mwone daktari siku hiyo hiyo. Na ikiwa pamoja nayo pana maumivu ya kifua, pumzi kukatika, mdomo kwenda upande, mkono kulegea au ulimi kuwa mzito, msingoje hata saa moja, mpelekeni mgonjwa hospitali. Mwanamke mwenye mimba akifika 140 kwa 90 naye aende upesi, kwani hatari ni yake na ya mtoto.

Kwa upande wa chakula, adui mkubwa ni chumvi. Kwa siku nzima haifai kuzidi gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai kisichojaa, pamoja na ile iliyomo ndani ya mchuzi. Papa na ng'onda tuwaroweke na kumwaga maji, tena tuwale kwa nadra. Tumbaku ni ya kuacha kabisa.

Yako mambo mengine yanayotuhusu sisi wa karafuu hasa. Vidonge vya maumivu kama diclofenac na ibuprofen, tunavyovinunua mgongo unapouma wakati wa kuchuma, hupandisha presha. Usivizoee bila kumwuliza daktari. Tena aliyeanza dawa ya presha, au aliyebadilishiwa, aweza kupata kizunguzungu anapoinuka ghafla. Huyo asipande mkarafuu mpaka ajione yu imara. Abaki chini achambue makonyo. Msimu usiwe sababu ya kusahau dawa, na kabla ya Ramadhani mwulize daktari saa za kuinywa. Na karafuu yetu, pamoja na thamani yake, si badala ya vidonge. Mafuta yake si ya kunywa, nayo ni sumu kwa watoto.

Tunapendekeza kila tawi lichange na kununua mashine moja, ikae kwa mtu mwaminifu, na kila nyumba iwe na daftari lake. Gharama ikigawanywa kwa wanachama wa tawi ni ndogo, na kiharusi kimoja hula mavuno ya miaka mingi. Jambo hili tutalileta katika mkutano wetu ujao. Tafadhalini, kila tawi lije na jawabu.

Wenu katika kazi,
Katibu