Tangi dogo la maji ya bahari: nani akae na nani

Wanunuzi wa samaki wa mapambo wa maji ya bahari hupoteza fedha nyingi kwa kosa moja linalojirudia. Huchagua kwa rangi na kusahau tabia. Mwenye zahanati, hoteli au sebule hununua tangi la kioo, akalijaza siku hiyo hiyo kila kilichompendeza dukani, na wiki ya tatu anabaki na samaki mmoja mnene anayezunguka peke yake. Muuzaji hulaumiwa, lakini mara nyingi samaki alifika dukani akiwa mzima. Kilichomuua ni jirani aliyewekewa.

Sehemu ya bidhaa hii hutoka pwani ya Kenya, ambako wapiga mbizi huwakamata samaki kwa nyavu za mkono kwenye miamba ya matumbawe. Kabla ya safari samaki hushindishwa njaa ili wasichafue maji. Kisha kila mmoja hutiwa katika mfuko wake wenye maji na oksijeni, na mifuko hupangwa ndani ya masanduku ya povu kwa safari ya ndege. Gharama ya usafiri na mikono mingi ya katikati ndiyo inayopandisha bei, na samaki anayekufa nyumbani kwa mnunuzi amekwishalipiwa yote hayo.

Kwa mfano wa hesabu, lichukuliwe tangi la lita 100, ambalo wengi huanza nalo. Mchanga na mawe vikishaingia, maji yaliyobaki huenda yakawa lita 80 tu. Maji ya bahari yana chumvi gramu 35 hivi kwa lita, kwa hiyo tangi hilo linahitaji takriban kilo 2.8 za chumvi maalum ya baharini. Chumvi ya jikoni haifai. Aliye Mombasa au Dar es Salaam anaweza kuchota maji baharini, mradi achote mbali na mitaro na bandari. Aliye Nairobi atachanganya mwenyewe na kupima kwa hidromita hadi isome karibu 1.025. Joto liwe kati ya nyuzi 24 na 27. Maji yakipungua kwa kukauka, huongezwa maji baridi yasiyo na chumvi, kwa kuwa chumvi haikwenda na mvuke. Wapo wanaoongeza maji ya chumvi kila siku, na baada ya mwezi wanashangaa kamba wamekufa wote.

Kabla ya kununua kiumbe chochote, tangi lazima likae wiki nne hadi sita. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Kuna bakteria wanaoigeuza kuwa naitriti, nayo ni hatari pia, na wengine wanaoigeuza naitriti kuwa naitreti, ambayo madhara yake ni madogo zaidi na hupunguzwa kwa kubadilisha maji. Bakteria hao hukua polepole kwenye mawe na chujio. Zamani ilikuwa desturi kuwatoa kafara samaki wa bei nafuu ili kulianzisha tangi. Leo hutosha kipande cha kamba mbichi kilichoachwa kioze, na vipimo vinavyoonyesha amonia na naitriti zimerudi sifuri.

Samaki hao wa bei nafuu, hasa domino mweusi mwenye madoa matatu meupe, ndio chanzo cha hasara nyingi. Akiwa mdogo hupendeza na hafi ovyo. Lakini hukua hadi sentimita 14 hivi, hujitwalia pembe ya tangi, na kila anayeingia baadaye hung'atwa mapezi hadi afe. Kumtoa baadaye ni kazi ya kubomoa mawe yote. Kwa tangi la lita 100, domino ni ghali kuliko samaki yeyote dukani.

Samaki wa anemoni ndiye anayestahili kuanza naye. Pwani ya Afrika Mashariki ina aina zake, akiwamo yule wa rangi ya chungwa mwenye mstari mweupe mgongoni. Yule wa machungwa mwenye mistari mitatu myeupe, maarufu zaidi, hatoki huku bali Asia, na siku hizi wengi wao huzalishwa katika matangi, jambo linalowafanya wazoee chakula cha kopo upesi. Wawekwe wawili wa aina moja, mmoja mkubwa kuliko mwenziwe. Samaki hawa huanza maisha wakiwa madume, na aliye mkubwa katika jozi hugeuka jike, kwa hiyo hakuna haja ya kumuuliza muuzaji jinsia. Kuchanganya aina mbili katika tangi dogo ni kununua ugomvi.

Je, anemoni naye anunuliwe? Kwa tangi dogo jibu ni hapana. Anemoni anataka taa kali na maji yaliyotulia kwa miezi mingi. Asiporidhika hutembea, akanaswa na pampu na kusagwa, na maji yote huchafuka usiku mmoja. Anemoni wakubwa wa aina ya zulia hula samaki. Samaki wa anemoni anaishi vizuri bila anemoni, hata kama duka litasema vingine.

Kwa mwenye nafasi ya mchanga wa sentimita tano hivi, kuna ubia unaovutia kuliko rangi yoyote. Ni wa samaki mdogo aitwaye gobi na kamba mwenye kucha inayolipuka kama bastola ndogo. Kamba huyo haoni vizuri. Yeye huchimba shimo na kulitengeneza mchana kutwa, akitoa mchanga kama kibarua, huku gobi akisimama mlangoni kama askari. Kamba hukaa akiwa ameugusisha mwili wa gobi papasi wake mmoja. Gobi akitikisa mkia kuna hatari, na kamba hurudi ndani. Hatari ikizidi, gobi naye hufuata. Si kila gobi anaafikiana na kila kamba, hivyo ni heri kununua jozi iliyokwisha kukaa pamoja dukani. Mawe yakae juu ya kioo cha chini, si juu ya mchanga, kwani kamba atachimba chini yake na jiwe litamwangukia. Tangi lifunikwe, maana gobi huruka.

Kamba msafishaji, mwekundu mgongoni mwenye mstari mweupe, ni mwingine anayefaa. Hula mabaki ya chakula, huwaparura samaki vijidudu vya ngozi, na hukaa wawili bila kugombana. Aingizwe polepole, kwa kudondoshea maji ya tangi ndani ya mfuko wake kwa saa nzima au zaidi, kwa sababu mabadiliko ya chumvi humuua kabla ya samaki. Baada ya wiki chache mwenye tangi ataona "maiti" yake chini. Asiharakishe kurudi dukani kudai fidia: kamba amejivua gamba tu, na mwenyewe amejificha nyuma ya jiwe hadi jipya likauke. Kamba bondia mwenye mistari myekundu na myeupe ni habari nyingine. Yeye awe mmoja, au jozi iliyothibitika. Wageni wawili watauana.

Samaki msafishaji, mwembamba wa buluu mwenye mstari mweusi, huuzwa kwa maneno matamu kuwa ataponya wenzake. Baharini kweli ana wateja wengi kila siku. Katika tangi lenye samaki wanne hana kazi, na wengi hufa njaa. Zaidi ya hayo soko lina bidhaa bandia iliyoumbwa na maumbile yenyewe: kuna samaki mwingine mwenye sura na mwendo kama wake, ambaye kazi yake ni kuwanyofoa wengine mapezi. Anayetaka kuhakiki aangalie mdomo. Wa halali unao nchani mwa pua, wa bandia unao chini yake.

Wasioingia katika tangi la namna hii ni wengi. Kikande hutafuna kamba na kaa. Bunju huvunja konokono. Samaki simba, mbali na miiba yake yenye sumu, humeza chochote kinachoenea mdomoni. Vipepeo wengi hula matumbawe hai na hukataa chakula kingine. Kangaja wa buluu isiyokoza, fahari ya miamba yetu, anataka nafasi ya kuogelea na huugua madoa meupe haraka. Yule wa buluu iliyokoza na mkia wa njano, aliyepata umaarufu kwa filamu ya Finding Nemo ya 2003, hufikia sentimita 30, karibu upana wa tangi lenyewe. Kiti cha pweza mwekundu mwenye nundu huonekana mpole, lakini hula wanyama wengine wasio na uti wa mgongo. Jongoo bahari akifa anaweza kutoa sumu inayomaliza samaki.

Jambo moja huwaponyoka hata wazoefu. Dawa ya kawaida ya madoa meupe ina shaba, na shaba huua kamba, konokono na anemoni. Hunywewa pia na mawe na kuachiwa polepole baadaye. Kwa hiyo mgonjwa hutibiwa katika chombo kingine kisicho na mawe, na samaki mpya hukaa humo wiki kadhaa kabla ya kuingia kwa wenzake. Anayenunua tangi lililotumika aulize liliwahi kutiwa dawa gani. Tangi la bei poa lenye mawe yake linaweza kuwa limekwisha kuharibika kwa kamba.

Orodha inayokubalika kwa lita 100 basi ni fupi: samaki wa anemoni wawili, gobi na kamba wake, kamba wasafishaji wawili, na konokono wachache wa kula ukoka wa kijani kwenye vioo. Wapole hutangulia, samaki wa anemoni huja mwisho kwa sababu ndio wanaodai eneo, na kati ya mzigo mmoja na mwingine zipite wiki mbili. Maji hubadilishwa lita 10 hivi kila wiki.

Dukani, kabla ya kutoa fedha, mnunuzi aombe samaki alishwe mbele yake. Asiyekula hapo hatakula nyumbani. Aulize pia amefika lini. Aliyeshuka jana kutoka uwanja wa ndege aachwe hapo wiki moja kwa malipo ya awali, na muuzaji mwenye uhakika na mali yake hatakataa.