Zawadi ya Mkono: Vikuba, Vileja, Ukili na Kofia

Zawadi ambazo marafiki na majirani wa pwani ya Afrika Mashariki hupeana, kuanzia Lamu na Mombasa hadi Unguja na Pemba, kwa muda mrefu zimetoka katika mikono ya watoaji wenyewe. Nyingine hupikwa, nyingine husukwa, nyingine hushonwa. Kinachozitenganisha zaidi ni muda: sahani ya kaimati ni kazi ya alasiri moja, mkeka huchukua majuma, na kofia iliyodariziwa huweza kula miezi. Anayepewa huujua muda huo, kwani mara nyingi naye ni mpishi au msusi, na thamani ya zawadi huipima kwa muda huo kuliko kwa bei ya unga au uzi. Kwa hiyo anayetaka kutengeneza zawadi huanza kwa kuhesabu siku alizonazo, na siku ambazo kitu chenyewe kitadumu.

Kinachodumu muda mfupi kuliko vyote ni kikuba. Asumini huchumwa zingali vitumba, hufungwa pamoja na rihani, pengine na waridi au mkadi, kisha mwanamke hukibandika kifuani au hukichomeka kwenye nywele. Vitumba hufunguka jioni, hapo ndipo harufu hutoka yote, na kufikia asubuhi maua yamenyauka. Kikuba hakiwekwi akiba. Hufungwa siku ya shughuli na kupelekwa siku hiyohiyo.

Kaimati nazo ni za jirani wa karibu. Unga wa ngano huchanganywa na hamira, maji au tui, na mtindi kidogo, ukawa mzito lakini wa kuvutika, kisha huachwa uumuke. Hudondoshwa kwa vidole katika mafuta mengi yenye moto wa wastani, kwa maana moto mkali huzibabua nje na kuziacha mbichi ndani. Zikishaiva huviringishwa katika shira yenye hiliki. Siku hiyo nje huwa kavu na ndani laini. Zikilala, shira huingia ndani na ule ukavu hupotea. Mkate wa kumimina pia hauna subira, kwa sababu mchele wake husagwa kwa tui, na tui huchacha upesi katika joto la pwani.

Zawadi ya kusafiri au ya kuwekwa hadi wageni waje ni vileja na visheti, na hapa ndipo ufundi wa jikoni huonekana hasa. Kileja ni biskuti ya unga wa mchele. Kwa nusu kilo ya unga, wapishi wengi hutumia robo kilo ya samli na robo kilo ya sukari, viini vya mayai, na hiliki iliyotwangwa. Unga wa mchele hauna ile gundi inayoufanya unga wa ngano uvutike, kwa hiyo donge lake halinyumbuki: hushikwa na samli na kiini cha yai tu. Hiyo ndiyo sababu kileja kizuri humung'unyika mara tu kinapoingia kinywani, na ndiyo sababu pia hupasuka mikononi mwa mpishi mwenye haraka. Samli na sukari hupigwa kwanza mpaka mchanganyiko ugeuke mweupe na mwepesi; unga uliochekechwa vizuri huingia mwisho, kidogo kidogo. Donge likikatika katika kuviringwa, huongezewa samli kijiko kimoja, si maji. Maji hukifanya kileja kigumu na kukipunguzia maisha, ilhali samli, ambayo maji yake yamekwisha kukaushwa motoni, hukiacha kikae majuma ndani ya bati lililofungwa.

Vileja huokwa kwa moto mdogo. Kabla ya oveni kuingia majumbani, sufuria pana iliwekwa juu ya makaa machache na makaa mengine yakapaliwa juu ya kifuniko, na wapo wanaooka hivyo hadi leo. Kileja hakitakiwi kubadilika rangi juu. Kikigeuka hudhurungi kimeshapita. Chini kiwe na rangi kidogo tu, na kiachwe kipoe bila kuguswa, kwa kuwa kikiwa cha moto huvunjika hata kwa kunyanyuliwa.

Visheti hukaangwa. Donge la unga wa ngano na samli hukatwa vipande vidogo, huviringwa au kukatwa pembe pembe, hukaangwa taratibu hadi vikauke ndani kabisa, kisha hutiwa shira. Shira hii si ya kaimati. Hupikwa mpaka tone lake likivutwa baina ya vidole viwili lifanye uzi, halafu humwagwa juu ya visheti na kugeuzwageuzwa bila kupumzika. Mwendo huo ndio unaoifanya sukari igande kuwa chembe nyeupe zinazokivika kila kisheti ganda kavu. Shira ikiwa nyepesi, visheti hubaki vinanata na kulainika baada ya siku chache; ikipita kiasi, huganda sufuriani kabla haijavifikia. Halua haimo katika hesabu hii, ingawa hakuna sherehe inayokamilika bila yake: kuikoroga kwa saa nyingi katika sufuria kubwa ya shaba ni kazi ya mafundi maalumu, na karibu watu wote huinunua.

Siku za Idi ndipo vitu hivi hutembea zaidi. Sahani hupita nyumba hadi nyumba, mara nyingi kwa mikono ya watoto, na desturi ni kwamba sahani hairudi tupu. Aliyepokea vileja hurudisha visheti, au mkate, au hata sukari kidogo, siku hiyo au baadaye. Si malipo, na anayeona kuwa ni malipo hajaielewa desturi. Sahani inayorudi na kitu huacha mlango wazi baina ya nyumba mbili, na kwa njia hii sahani huwafikia hata wale ambao mwaka huo hawakuwa na uwezo wa kupika.

Sahani hufunikwa kwa kawa, na kawa yenyewe ni zawadi ya mkono. Husukwa kwa ukindu, majani machanga ya mkindu, ambayo huanikwa juani hadi yaparare, huchanwa kuwa nyuzi bapa, na yale ya rangi huchemshwa ndani ya maji ya rangi. Nyuzi hizo husukwa kuwa ukili, utepe mrefu unaoweza kuendelea kwa mita nyingi, na ukili ndio mwanzo wa karibu kila kitu: ukishonwa kwa kuzungushwa hutoka kawa, ukishonwa ubavu kwa ubavu hutoka mkeka au msala wa kusalia. Uzuri wa ukili ni kwamba kazi yake huingia katikati ya kazi nyingine. Wanawake husuka barazani huku wakizungumza, na utepe huviringwa na kuwekwa hadi utoshe. Anayekusudia kumpa rafiki mkeka wa harusi huanza kusuka mapema mno, kwa kuwa kushona ni kazi ya siku chache, lakini kupata ukili wa kutosha ni kazi ya majuma mengi.

Kazi ya kofia ya mkono ndiyo ndefu kuliko zote. Kofia ina vipande viwili, duara la juu na ukanda wa pembeni, kila kimoja kikiwa na tabaka mbili za kitambaa. Nakshi huchorwa kwanza kwa kalamu, mara nyingi na mchoraji anayejulikana kwa kazi hiyo, kisha hudariziwa. Vitundu vidogo hutobolewa na kuzungushiwa uzi kimoja kimoja, navyo hupitisha hewa kichwani. Wanawake wengi wa Unguja na Pemba huzishona kwa kuuza, lakini ya kumpa mume, mchumba au kaka huchaguliwa nakshi yake peke yake. Kipimo cha kichwa hutakiwa kabla ya kuchora, maana ukanda ukija kupunguzwa baadaye, ua hukatwa nusu kwenye mshono. Leo zimejaa sokoni kofia za mashine kwa bei ndogo, na kwa mbali hufanana. Kuzitambua, kofia hugeuzwa ndani: mishono ya mashine hulingana yote, na mara nyingi vitundu vyake huwa nakshi tu isiyotobolewa, ilhali kwenye ya mkono mwanga hupenya katika kila kitundu na uzi hubadilika kidogo pale mshonaji alipoanza upya.