Mashine yako inakwama? Pima kwanza

Hapa Kasongo hata kule Kabambare, mashine ikianza kukwama wakati unahifadhi TFC, dawa tunazosikia ni mbili: "Ina virusi, tufute yote" ao "Nunua diski mpya." Ya kwanza inaweza kukupotezea kazi ya mwaka mzima, ya pili inakula feza. Na zote zinatolewa bila kupima kitu. Mimi nilisoma kilimo: hatutii mbolea kabla ya kutazama udongo.

Munajua, programu haizungumzi na diski moja kwa moja. Inaomba kerneli, yaani kiini kinachosimamia vyombo vyote vya mashine. Ndani yake kuna mfumo wa faili; kwenye Linux mara nyingi ni ext4. Muda kati ya ombi na jibu njo ucheleweshaji unaouhisi wewe.

Kwa nini tusipime diski peke yake? Kwa sababu mara nyingi diski haiguswi. Ukiandika, kerneli inaweka maneno kwenye RAM, inajibu "tayari", halafu inayapeleka kwenye diski baadaye. Lakini programu ikiomba fsync, inabidi ingoje mpaka diski ithibitishe kwamba imepokea. Hapo inaweza kukwama. Lakini tusiilaumu fsync: njo inalinda kazi yako umeme ukikatika.

Tangu 2014 Linux iko na eBPF, inayoruhusu kuweka vipimo vidogo ndani ya kerneli bila kuzima mashine. Brendan Gregg na wenzake wameitumia kutengeneza vyombo vya bure vinavyoitwa BCC. Kwenye Ubuntu, weka kifurushi bpfcc-tools, kisha jaribu hivi viwili:

sudo ext4slower-bpfcc: inaonyesha kila operesheni iliyopita milisekunde 10, pamoja na jina la programu na la faili.

sudo ext4dist-bpfcc: inahesabu operesheni zote na kuzipanga kwa makundi ya muda. Bonyeza Ctrl-C uone matokeo.

Makundi ni ya nini? Wastani unadanganya. Operesheni 999 zikichukua milisekunde 0.1 kila moja, na moja ikichukua sekunde 2, wastani ni kama milisekunde 2 tu. Lakini wewe umengoja sekunde 2. Ni kama mvua: jumla ya msimu inaweza kuwa nzuri kwenye daftari, na mpunga umekauka katikati.

Sasa soma majibu. Jina la programu moja likirudi-rudi, ifunge kwanza. Kusoma na fsync zikichelewa kila wakati hata programu zingine zimefungwa, shuku diski: nakili kazi yako kwenye USB leo leo. Na kama mashine inakwama lakini ext4slower iko kimya, diski yako usiiuze. Tafuta kwenye RAM ao kwenye intaneti.

Wenye Windows, vyombo hivi si vyenu, lakini kanuni ni ile ile: pima, njo ulipe.