Nyuki wakikuuma, toa mwiba kwanza

Wakati wa kukata ngazi, hapa Baraka na kule vilimani Fizi, mara nyingine nyuki wamekwisha kukaa juu ya mgazi kabla ya mpandaji kufika. Tumeona mtu akishuka na miba shingoni, wenzake wakimkimbilia: huyu na mafuta ya mawese, yule na peteroli, mwingine na udongo. Kila mtu na dawa yake, na miba ingali kwenye ngozi.

Mwiba wa nyuki una meno kama ya ndoana. Akiuma, unabaki na kifuko cha sumu, nacho kinaendelea kusukuma sumu hata nyuki akiisha kwenda. Sumu nyingi inaingia ndani ya dakika moja. Basi usitafute wembe: kwangua kwa ukucha ama vuta kwa vidole, mradi utoke haraka. Nyigu yeye haachi mwiba, ila anaweza kurudia kuuma.

Wakiwa kundi, kimbia kwanza. Mwiba unatoa harufu kama ya ndizi, na hiyo harufu inawaita wengine. Funika uso kwa shati, usipunge mikono, ingia nyumba ya karibu na ufunge. Usijitupe ziwani, watakungojea juu ya maji.

Kisha osha kwa sabuni, weka kitambaa cha maji baridi, vua pete kabla kidole hakijavimba. Peteroli achieni pikipiki, inaunguza ngozi.

Sasa lile la kuogopesha. Mtu akivimba midomo ao ulimi, akipumua kwa shida, akitapika, akiona kizunguzungu, ao mwili mzima ukitoka vipele, anahitaji sindano ya adrenalini upesi, hata kama ameumwa na nyuki mmoja tu. Mlaze, inua miguu. Kama pumzi ndiyo shida, aketi. Asitembee. Kumkalisha wima kwenye pikipiki akiwa amelegea ni hatari. Pigeni simu kituo cha afya. Muuguzi akiweza kuja na sindano kwa pikipiki, aje. La sivyo, mbebeni kwa tipoyi bila kuchelewa.

Aliyeumwa mara nyingi, zaidi sana mtoto, apelekwe hata akisema hajambo. Mkojo ukiwa mwekundu ao wa kahawia, figo zinaumia.

Kabla ya mavuno, koperative itume mtu aulize kituo chenu kama adrenalini iko, na namba ya muuguzi iandikwe kwenye simu ya kila mpandaji.