Mwenzao Alipoanguka: Historia ya Bendi ya New Order

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini yapo maradhi ambayo mgonjwa hakuyaficha, na wenzake waliyaona bila kuutambua uzito wake. Ndivyo ilivyokuwa katika bendi moja ya vijana wa Kiingereza, ambayo historia yake ina mafunzo kwa kila avaaye sare.

Mwezi Juni 1976, Bernard Sumner na Peter Hook, waliosoma shule moja mjini Salford, walihudhuria onyesho la bendi ya Sex Pistols mjini Manchester. Kesho yake Hook alinunua gitaa la besi. Walimpata mwimbaji, Ian Curtis, na mwaka 1977 mpiga ngoma, Stephen Morris. Mwaka 1978 wakajiita Joy Division. Hawakuyapigia magoti makampuni makubwa ya London, bali walirekodi na Factory, kampuni ndogo ya Manchester. Kwa ajili ya kujitegemea huko, bendi za namna yao huitwa bendi huru. Santuri yao kubwa ya kwanza, Unknown Pleasures, ilitoka Juni 1979.

Curtis, aliyepata kuwa mtumishi wa serikali akiwasaidia watu wenye ulemavu kupata kazi, alithibitika kuwa na kifafa mwaka huo huo. Mara kadhaa alishikwa na kifafa jukwaani, mbele ya watazamaji. Mashairi yake yalijaa huzuni, nao wenzake, kama walivyoeleza baadaye, waliyachukulia kuwa ni sanaa tu. Maonyesho yakaendelea. Tarehe 18 Mei 1980, siku moja kabla ya safari ya Marekani, Curtis alijitoa uhai. Alikuwa na umri wa miaka 23.

Walikuwa wamekwisha kuahidiana kwamba mmoja wao akiondoka, jina la bendi halitatumika tena. Ahadi hiyo waliitimiza. Wakajiita New Order, Sumner akashika uimbaji, na Gillian Gilbert akaongezwa mwaka huo huo. Hawakumtafuta Curtis wa pili. Walijifunza mitambo ya umeme ya kutoa midundo, na mwaka 1983 wakatoa Blue Monday, inayotajwa kuwa santuri ya inchi 12 iliyouzwa kwa wingi kuliko zote.

Mitihani haikuisha. Fedha zao nyingi zilizama katika ukumbi wa dansi wa Haçienda, Factory ikafilisika mwaka 1992, na Hook akajitenga mwaka 2007. Hata hivyo, mwaka 2015 bendi ilitoa santuri nyingine mpya.

Ndugu askari, kuliziba pengo la mwenzetu aliyeanguka ni wajibu tunaofunzwa tangu ukuruta. Lakini wajibu unaotangulia ni kumwangalia mwenzako angali hai. Akisema kwamba amechoka na maisha, usimdhanie kuwa anatania. Msikilize, usimwache peke yake, nawe umfikishe kwa daktari wa kikosi. Kufanya hivyo si kumsaliti, ni kumlinda.